Mchague Mmoja Kwanza: Hotuba kuhusu Samaki wa Kuishi Pamoja katika Tangi Dogo

Ndugu Mwenyekiti, wafugaji wenzangu wa samaki wa mapambo, na ninyi mliokuja leo mkiwa bado hamjajaza maji tangi lenu la kwanza, nawashukuru sana kwa kunipa nafasi hii.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Je, huyu anaweza kukaa na yule?" Mara nyingi anayeuliza ameshawanunua wote wawili. Ndiyo maana leo nataka turudi nyuma hadi pale uamuzi unapopaswa kufanyika, yaani kabla hujatia mkono mfukoni. Ushauri wangu ni kwamba usichague samaki wa tangi zima kwa mpigo. Chagua aina moja tu, ile ambayo moyo wako umeipenda kweli, kisha mwache samaki huyo akuchagulie wenzake. Maji anayoyataka yeye ndiyo yatakuwa maji ya tangi, na joto lake ndilo joto la tangi. Yeyote asiyeweza kuishi kwa masharti hayo, hata akiwa na rangi za kuvutia namna gani, hana nafasi humo.

Nazungumzia tangi dogo. Tuchukue lile la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Ukizidisha unapata lita 54. Lakini ukishaweka mchanga, mawe na kipande cha gogo, na ukaacha nafasi ya vidole viwili juu, utabaki na lita kama 45 za maji. Katika tangi la lita 300, samaki anayefukuzwa anaweza kujificha kutwa nzima asionekane. Katika hili letu, ukikaa kona moja unaziona kona zote, na anayekuonea anakuona vilevile. Kwa hiyo uteuzi unaoweza kupita bila madhara katika tangi kubwa, hapa unaweza kuua.

Kabla ya samaki kuna bakteria. Hapa nitapita haraka, ingawa siwezi kuruka kabisa. Samaki hutoa amonia, nyingi yake kupitia matamvua, na amonia ni sumu. Bakteria wanaoota kwenye sponji ya kichujio huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo, na wewe huipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Katika tangi jipya bakteria hao huchukua takriban wiki 4 hadi 6 kujijenga. Watilie amonia kidogo kidogo bila samaki, pima maji, na usinunue kiumbe chochote hadi amonia na nitriti zisomeke sifuri siku moja baada ya kuwatilia. Wapo samaki wengi waliosemwa kuwa hawakupatana, kumbe walikuwa wanachomwa matamvua na maji yenyewe. Samaki mwenye maumivu hugombana na kila anayemkaribia.

Sasa tuje kwenye maji yako. Kabla ya kumpenda samaki, yajue maji yanayotoka kwenye bomba lako: pH yake, yaani kiwango chake cha asidi, ni ngapi, na ni magumu au laini, maana yake yana kalisiamu na magnesiamu kiasi gani. Kipimo cha pH hukwea kwa kuzidisha mara kumi. Maji ya pH 6 yana asidi mara kumi zaidi ya yale ya pH 7, na mara mia zaidi ya yale ya pH 8. Mtu akiniambia tofauti ya 6 na 8 ni "mbili tu", namwomba aitazame tena hesabu hiyo.

Samaki aina ya neoni, yule mwembamba mwenye mstari wa buluu unaowaka na wekundu chini yake, asili yake ni vijito vya Amazon ya juu, kwenye maji laini yenye asidi na rangi ya kahawia inayotokana na majani yaliyooza. Gapi, pamoja na jamaa zake moli na plati, anastawi katika maji magumu yenye pH inayopita 7. Wale mbuna wa Ziwa Nyasa, wenye rangi za njano na buluu, wamezoea pH inayocheza karibu na 8, na samaki wa Ziwa Tanganyika wanaishi kwenye pH inayokaribia 9. Ni kweli kwamba neoni wengi wanaouzwa leo wamezaliwa kwenye mabwawa ya wafugaji na wanavumilia zaidi kuliko mababu zao wa mtoni. Hata hivyo, kuvumilia ni jambo moja na kustawi ni jambo jingine, na katika tangi dogo tofauti hiyo huonekana ndani ya miezi michache: rangi hufifia, mapezi hubanwa mwilini, na ugonjwa wa kwanza unaopita humchukua.

Nawasihi msianze safari ya kuyabadilisha maji kwa dawa za chupa kila wiki ili yamfae samaki mliyemwona dukani. Dawa hizo hupandisha pH leo na kesho inashuka, na kupanda na kushuka huko humchosha samaki kuliko pH isiyomfaa lakini iliyotulia. Ikiwa maji yako ni magumu, wapende samaki wa maji magumu. Wapo, na ni wazuri.

Joto nalo lina masharti yake. Danio mwenye milia anafurahia nyuzi 18 hadi 24. Neoni anataka nyuzi 21 hadi 26. Sikilidi (jamii ya samaki walimo perege) mdogo aitwaye ramirezi, ambaye watu humnunua kwa sababu ya ile buluu ya ubavuni, anataka nyuzi 27 hadi 30. Ukimweka ramirezi na danio, hakuna namba ya kuandika kwenye hita itakayowafaa wote wawili. Samaki wa dhahabu simtaji sana leo, kwa sababu hastahili kuwekwa katika tangi hili hata akiwa peke yake: anapenda maji ya baridi kiasi, anachafua sana, na anazidi sentimita 20 akikua.

Hilo la kukua ndilo linaloniumiza zaidi, na naomba mnivumilie nikikaa hapo kidogo.

Samaki wengi unaowaona dukani ni watoto. Pleko, yule kambare mwenye mdomo wa kunyonya vioo, huuzwa akiwa na sentimita tano kwa maelezo kwamba atakusafishia mwani. Pleko wa kawaida hupita sentimita 30. Skalari, mwenye mapezi yaliyonyooka juu na chini, huuzwa akiwa kama sarafu, naye hufikia sentimita 15 kwa urefu, na kimo chake pamoja na mapezi kinazidi hapo. Oska hufika sentimita 30. Kuna na huyu anayeuzwa kwa jina la mla mwani, ambaye wanasayansi humwita Gyrinocheilus aymonieri: akiwa mdogo anakwangua mwani kweli, lakini akikua hupita sentimita 25, anakuwa mkali, na ana tabia ya kujibandika ubavuni mwa samaki wenzake wapana na kuwakwangua ute unaowakinga.

Wengi wamefundishwa kanuni ya kuhesabu sentimita za samaki kwa lita za maji. Kanuni hiyo ina kasoro kubwa. Samaki kumi wa sentimita tatu wana jumla ya sentimita 30, na oska mmoja ana sentimita 30. Kwa kanuni hiyo wako sawa. Lakini mwili hauongezeki kwa urefu peke yake. Unaongezeka pia kwa upana na kwa unene. Samaki mwenye urefu mara kumi, akiwa na umbo lilelile, ana uzito kama mara elfu moja. Anakula na kunya kwa uzito wake, urefu wa rula haumhusu. Kwa hiyo, ukiwa dukani, swali la kwanza liwe: "Akikomaa anafika wapi?" Muuzaji asipojua, rudi nyumbani bila samaki, tafuta jibu, uje siku nyingine.

Ukubwa unaleta jambo jingine lisilo na mjadala. Samaki hula kinachoingia mdomoni. Skalari na neoni wanaweza kukaa pamoja kwa amani miezi sita, kisha asubuhi moja ukahesabu neoni ukakuta wamepungua. Skalari hajageuka kuwa mbaya. Mdomo wake umefikia kipimo.

Tabia sasa. Hapa majina ya "mpole" na "mkali" hayatoshi, kwa sababu ukali una sura nyingi. Mtazame barbusi mwenye milia, yule wa dhahabu mwenye mistari minne myeusi. Hapigani ana kwa ana. Anakuja kwa nyuma, kwa kasi, anadonoa ukingo wa pezi, anarudi kundini kabla aliyedonolewa hajageuka. Mweke pamoja na beta dume, mwenye mapezi marefu yanayoning'inia na mwendo wa polepole, na ndani ya siku chache utaona kingo za mapezi ya beta zimekuwa na meno, kisha weupe kwenye majeraha, kisha kuvu. Barbusi haoni kama anafanya kosa. Pezi refu linalopepea linamwita. Wakiwa wanane au kumi katika tangi refu hushughulikiana wao kwa wao na kuwasahau wengine kwa kiasi kikubwa. Wakiwa watatu, humgeukia yeyote aliye karibu. Ndiyo maana kwa tangi la sentimita 60 siwapendekezi hata kidogo.

Hapo tumegusa jambo ambalo wanunuzi wengi hulipindua: wanaona huruma kununua aina moja tu, wakaona ni vizuri kuchukua wawili wawili wa kila aina. Neoni wawili, rasbora wawili, danio wawili. Samaki wa kundi akiwa na mwenzake mmoja tu huishi kwa hofu mchana kutwa. Anajibana nyuma ya kichujio, anakula akikimbia, na rangi uliyoilipia huioni. Wanunue sita na kuendelea wa aina moja. Nane ni bora zaidi. Tangi dogo lenye aina mbili zilizotosheka kwa idadi linapendeza kuliko lenye aina saba, na ukikaa mbele yake utaona samaki wakifanya mambo ambayo hawayafanyi kamwe wakiwa wawili. Niongeze jambo dogo kwa wenye neoni: ukiwasha taa asubuhi ukawakuta wamepauka na mstari wa buluu haupo, usiogope. Hufifia gizani usiku na rangi hurudi baada ya muda mfupi. Ukiuona weupe huo saa nane mchana, hapo ndipo pa kuhangaika.

Wagawe pia kwa tabaka za maji. Wako wa juu, wa kati na wa chini, na tangi likiwa na wakazi wa tabaka tofauti, watu hawagongani. Wa chini ninaowapenda kuliko wote ni koridora, kambare wadogo wanaotembea kwa kundi. Kaa chini uwatazame kwa karibu wakila. Anaingiza pua mchangani hadi karibu na macho, anapekua kwa sharubu zake fupi, anachota mchanga mdomoni, na unauona mchanga uleule ukitoka kwenye matamvua huku yeye akiendelea mbele. Mara kwa mara anafyatuka moja kwa moja hadi juu, anameza hewa, anarudi. Utumbo wake una uwezo wa kuvuta oksijeni kutoka kwenye hewa hiyo. Mpe mchanga laini, maana changarawe zenye ncha na sakafu chafu huharibu sharubu hizo. Na tafadhali, koridora si mfagizi. Wanaomnunua ili ale mabaki ya wenzake wanamfisha njaa. Mpe chakula chake kinachozama, tena jioni taa ikikaribia kuzimwa, wa juu wakiwa wameshashiba.

Acha sasa nioneshe jinsi samaki mmoja anavyowachagua wengine.

Tuseme maji yako ni laini au ya wastani, na umempenda rasbora mwenye pembetatu nyeusi ubavuni, Trigonostigma heteromorpha. Anakua hadi sentimita nne au tano, anaishi kwa kundi, anatumia maji ya kati, na nyuzi 24 au 25 zinamfaa. Nunua wanane. Sasa yeye anauliza: nani wa chini? Lazima awe mdogo, asiyekimbizana, wa joto lilelile. Koridora kibete, Corydoras pygmaeus, mwenye sentimita mbili na nusu hivi, anaingia; nunua sita. Na wa juu? Gurami wa asali, mmoja au dume na jike, mwenye mwendo wa utulivu na mdomo usioweza kummeza rasbora. Hapo mlango unafungwa. Mtu atakuambia bado unaona nafasi. Nafasi hiyo ndiyo wanayoogelea.

Tuseme maji yako ni magumu, na umempenda gapi. Nakushauri uchukue madume watupu, wanane hivi. Jike wa gapi huzaa vifaranga hai takriban kila baada ya wiki nne, na huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi, hivyo hata jike uliyemnunua peke yake anaweza kuzaa mara kadhaa bila kukutana na dume tena. Katika lita 45 hesabu hiyo itakushinda mapema. Ukitaka lazima kuchanganya, weka majike wawili au watatu kwa kila dume, ili jike mmoja asisumbuliwe hadi kufa, na ujue mapema vifaranga utawapeleka wapi. Chini waweke koridora wa shaba ikiwa ugumu wa maji haujapita kiasi, au konokono wachache. Beta usimweke humo: dume wa gapi mwenye mkia mpana anaonekana machoni pake kuwa beta mwingine.

Na ikiwa maji yako ni magumu sana na pH imepita 8, usisikitike. Kuna kiumbe ambaye peke yake anatosha kujaza tangi hili, na namtaja kwa mapenzi makubwa: Neolamprologus multifasciatus wa Ziwa Tanganyika, miongoni mwa sikilidi wadogo kuliko wote duniani. Jike ana sentimita tatu hivi, dume nne na zaidi kidogo. Kwao ziwani wanaishi ndani ya makombe matupu ya konokono aitwaye Neothauma, yaliyotandaa chini kwa maelfu. Mwekee mchanga wa sentimita tano na makombe mengi kuliko idadi ya samaki, kisha kaa utazame. Anabeba mchanga kwa mdomo, funda baada ya funda, anachimba hadi kombe linazama na kubaki tundu la kuingilia tu. Kila mmoja ana mlango wake na anaulinda hata dhidi ya mkono wako. Watoto wa uzao wa kwanza hubaki pale huku wa pili wakitokea kombeni. Hawa hawahitaji mgeni yeyote.

Ukishaamua, nenda dukani utazame kabla ya kuonesha kidole. Simama mbele ya tangi la muuzaji dakika kadhaa. Je, mapezi yamefunguka au yamebanwa? Matamvua yanakwenda kwa kasi? Kuna mizoga? Kuna vidoa vyeupe kama chembe za chumvi kwenye mwili na mapezi? Huo ni ugonjwa wa Ichthyophthirius, na samaki mmoja aliyeonekana mzima ndani ya tangi lenye ugonjwa huo ameshaubeba. Omba walishwe mbele yako. Asiyekula pale hatakula kwako kesho. Mwenye uwezo wa kuwa na tangi la pili, hata la lita 20 lenye kichujio cha sponji, amweke mgeni humo wiki mbili hadi nne kabla ya kumchanganya.

Waingize kwa awamu. Anza na waoga, rasbora au koridora, wajue mahali pa kujificha. Subiri wiki moja au mbili, upime maji, maana bakteria nao wanahitaji muda wa kuongezeka. Mwenye kujiwekea himaya, kama gurami, aingie mwisho, asikute tangi tupu akajimilikisha lote.

Baada ya hapo ni kutazama. Nyakati mbili zinazofichua mengi ni wakati wa kulisha na dakika chache kabla taa haijazimwa. Angalia nani hafiki kwenye chakula, nani anakaa juu kwenye pembe na mapezi yamechanika. Ukiona mmoja anaonewa, mtenge siku hiyohiyo. Usingoje wazoeane, kwa sababu katika tangi dogo wanaozoea ni waonevu. Mrudishe kwa muuzaji au umpe mfugaji mwenye tangi linalomfaa. Usimwachilie mtoni wala ziwani kamwe. Gapi na pleko wameshasambaa katika mito ya nchi nyingi ambazo si kwao, na pleko huchimba kingo za mito hadi zikamomonyoka, wakati mwenye tangi aliyemtupa alidhani anamfanyia hisani.

Vipimo vya pH na ugumu viko mezani hapa pembeni. Waliokuja na maji ya bomba lao kwenye chupa wasogee tuyapime sasa, kisha kila mmoja aniambie samaki aliyempenda, tuone kama maji yake yanamkubali. Ahsanteni sana.